Maisha ya Padre Jacques-Désiré Laval wa Kisiwa cha Mauritius

Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, mwendo wa kilomita kama 800, kiko kisiwa cha Mauritius. Ni kisiwa kidogo, chenye milima ya mawe meusi na mashamba ya miwa. Zamani hakikuwa na mwenyeji hata mmoja. Watu wote wanaokaa huko leo asili yao walivuka bahari: wengine walikuja kutafuta mali, wengine wakaletwa katika minyororo, wengine wakaja kwa mkataba wa kazi. Wako watu wa asili ya Afrika na Madagaska, wako Wahindi, Wachina na Wazungu; Wakristu, Wahindu na Waislamu hukaa mtaa mmoja.

Katika kijitabu hiki cha jubilei tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za Padre Laval, aitwaye na wengi Mtume wa Mauritius. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, shirika lake, yaani Mapadre wa Roho Mtakatifu, ndilo lililofika Zanzibar mwaka 1863 na kuanza misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Basi yeye ni kama kaka mkubwa wa wale waliotuletea Injili pwani kwetu. Pili, kazi yake ilibebwa na walimu wa dini, wanaume na wanawake, ambao wengi wao hawakujua kusoma. Habari hiyo inatuhusu sana sisi tulio walimu.

KISIWA NA WATU WAKE

Waholanzi walifika mwaka 1598, wakakiita kisiwa kwa jina la mkuu wao Maurits. Wakakata mipingo, na katika siku zao akatoweka ndege dodo, asiyeweza kuruka. Hata mwaka 1710 wakaondoka. Mwaka 1715 Wafaransa wakakitwaa, wakakiita Kisiwa cha Ufaransa. Gavana Mahé de La Bourdonnais alipofika mwaka 1735 akaufanya mji wa Port Louis kuwa bandari kubwa. Lakini waliobeba mawe ya bandari ile, na waliofyeka misitu ili miwa ipandwe, walikuwa watumwa.

Watumwa hao walinunuliwa Madagaska, Msumbiji, na hata pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Basi tusidhani kwamba tunasoma habari za watu wageni. Wako huko wajukuu wa watu waliotoka bara letu, wakapitishwa Kilwa, wakapakiwa merikebuni, wala jamaa zao hawakusikia tena habari zao.

Mwaka 1810 Waingereza walikishinda kisiwa. Wakawaahidi wakaaji Wafaransa kwamba watashika dini yao, sheria zao na desturi zao. Ndiyo sababu bendera ilikuwa ya Kiingereza, walakini lugha ya mabwana ikabaki ya Kifaransa. Watumwa walibaki watumwa mpaka tarehe 1 Februari 1835. Siku ile watu zaidi ya 60,000 waliachwa huru kwa sheria, lakini sheria hiyo hiyo iliwalazimisha kuendelea kuwatumikia mabwana wao wa zamani kwa jina la wanagenzi, hata mwaka 1839. Serikali iliwalipa mabwana fidia ya pauni zaidi ya milioni mbili kwa kupotewa na watumwa. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu.

Walipopata ruhusa ya kuondoka, wengi wao waliyaacha mashamba ya miwa, maana waliyachukia. Wakajenga vibanda pembeni mwa mji na kando ya bahari, wakavua samaki, wakalima bustani ndogo, wakafanya kazi za mikono. Mabwana nao walikuwa wamekwisha anza, tangu mwaka 1834, kuleta Wahindi kwa mkataba. Watu walioachwa huru wakaonekana kuwa hawana kazi tena kisiwani.

Na tuseme neno zito lililo katika habari hii. Mabwana wale walikuwa Wakristu waliobatizwa. Walikuwa na viti vyao kanisani. Katika utumwa mtu hakuweza kufunga ndoa bila idhini ya bwana wake, na mtoto alikuwa mali ya bwana wa mama yake. Mtu aliyekulia katika hali hiyo, akiwa na alama za mjeledi mgongoni, angewezaje kuipenda dini ya yule aliyeushika mjeledi? Hilo ndilo swali lililomngoja Padre Laval, ingawa yeye alikuwa bado Ulaya wala hajalijua.

TABIBU WA NORMANDIA

Jacques-Désiré Laval alizaliwa tarehe 18 Septemba 1803 katika kijiji cha Croth, jimbo la Normandia, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima mwenye mali na heshima. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo. Mjomba wa ukoo wa Laval, aliyekuwa padre, alimfundisha masomo ya kwanza. Kisha akapelekwa shule za Évreux na Paris. Aliwaza upadre, akawaza utabibu. Akachagua utabibu, na mwaka 1830 akapata shahada ya udaktari huko Paris.

Alifanya kazi yake katika miji midogo ya Saint-André na Ivry. Alikuwa tabibu mzuri, naye aliwatendea maskini kwa huruma. Lakini yeye mwenyewe alipenda mavazi mazuri, farasi mzuri na karamu, na sala ilipoa moyoni mwake. Hakuwa mtu mwovu; alikuwa kama wengi wetu, aliyepata riziki akamsahau aliyempa. Polepole moyo wake ukakosa raha. Siku moja akaanguka toka juu ya farasi wake, akapona. Akaona ya kuwa maisha yake yametundikwa kwenye uzi mwembamba. Mwaka 1835, akiwa na umri wa miaka 31, akaacha kazi na mali, akaingia seminari ya Saint-Sulpice, Paris. Akapewa daraja ya upadre mwezi wa Desemba mwaka 1838.

Kwanza akawekwa paroko wa kijiji kidogo kiitwacho Pinterville. Watu wa kijiji hicho walikuwa wamepoa katika dini, na waliokuja kanisani walikuwa wachache. Padre alisali saa nyingi, akala chakula haba, akawagawia maskini alichokuwa nacho.

Walakini huko seminari alikuwa amewajua vijana waliowaza habari za watu weusi wa visiwani. Mmoja, Le Vavasseur, alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Bourbon, ambacho siku hizi huitwa Réunion, jirani ya Mauritius. Huyo aliijua hali ya watumwa kwa macho yake. Wakaungana na François Libermann, Myahudi aliyeongokea Ukristu, wakaanza Shirika la Moyo Mtakatifu wa Maria, ambalo mwaka 1848 liliunganishwa na Shirika la Roho Mtakatifu. Padre Laval akajitoa kuwa mmoja wao. Askofu Collier, Mbenediktini wa Uingereza aliyekabidhiwa Mauritius, alipokuwa akitafuta mapadre, Laval alikuwa tayari. Wakapanda merikebu mwaka 1841, wakafika Port Louis tarehe 14 Septemba, siku ya Kutukuka kwa Msalaba.

PADRE WA WATU WEUSI

Mapadre kisiwani walikuwa wachache sana, na walioachwa huru walikuwa maelfu. Tena serikali ya Kiingereza haikupenda mapadre Wafaransa waongezeke. Kwa hiyo katika miaka ya kwanza Laval aliifanya kazi hiyo peke yake. Askofu hakumpa parokia. Alimpa watu: wale wote walioachwa huru, popote walipo.

Wazungu wa mjini walidhani kwamba padre Mfaransa, tena daktari wa Paris, atakaa nao mezani. Hakukaa. Alichukua nyumba duni karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Luis, akaifungua milango yake kwa watu weusi mchana na usiku. Akajifunza lugha yao, Kikrioli, lugha iliyozaliwa kwa maneno ya Kifaransa yaliyogeuzwa vinywani mwa watumwa. Watu wakubwa waliidharau, wakiiona kuwa ni lugha ya jikoni. Laval hakuidharau. Akatunga mafundisho mafupi kwa maneno mepesi, akayarudia kwa uvumilivu, tena na tena, hata mzee asiyejua herufi akayashika yote kichwani.

Tutazame jinsi alivyopanga saa zake, maana hapo iko hekima. Watu maskini hufanya kazi mchana. Basi yeye alifundisha usiku. Walipotoka kazini walikuja kwake wakiwa na jasho na uchovu, akawakalisha, akasali pamoja nao, akawafundisha. Asubuhi aliungamisha. Siku nyingine aliwatembelea wagonjwa hospitalini na wafungwa gerezani. Na siku ya Dominika aliweka Misa ya saa sita mchana kwa ajili ya watu weusi. Katika Misa nyingine mtu mweusi alikaa nyuma, au alisimama. Katika Misa hiyo viti vyote vilikuwa vyao, na mahubiri yalikuwa kwa lugha yao. Mtu ambaye maisha yake yote aliambiwa asogee nyuma, leo anaalikwa kukaa mbele: fundisho hilo lilieleweka kabla padre hajafungua kinywa.

Mambo haya yaliwaudhi wengi. Vijana wa mjini walikuja kufanya kelele wakati wa mafundisho. Alidhihakiwa njiani, akatupiwa vitu, akaogofywa, hata kwa muda ikabidi askari wamlinde. Mabwana walisema kwamba anawaharibu watumishi wao kwa kuwapa kiburi. Laval hakujibizana nao, wala hakuiacha kazi. Alirudi kila usiku kwenye mafundisho yake, na baada ya miaka michache kelele zikakoma. Hata baadhi ya wale waliomdhihaki wakaja kuungama kwake.

Hakuharakisha kubatiza. Alitaka mtu afahamu, na maisha yake yageuke. Alikazana hasa kuhusu ndoa, na sababu yake twaifahamu: utumwa uliwanyima ndoa, ukawatenga mume na mke, ukamtenga mama na mtoto. Mwanamume na mwanamke waliposimama mbele ya altare, majina yao yakaandikwa katika kitabu, hakuna bwana aliyeombwa idhini. Kwa watu wale harusi haikuwa sherehe tu. Ilikuwa ushuhuda kwamba wao ni watu, na kwamba watoto wao ni wao.

WALIMU WALIOBEBA KAZI

Mtu mmoja hawezi kufundisha maelfu. Laval alilijua hilo mapema, wala hakukaa akingoja mapadre kutoka Ulaya. Alichagua miongoni mwa wanafunzi wake wale waliokuwa na imani imara na tabia njema, wanaume kwa wanawake, akawaweka kuwa walimu na washauri katika mitaa na vijijini. Wengi wao jana tu walikuwa watumwa. Kazi yao ilikuwa kukusanya watu jioni, kufundisha sala, kuwaangalia wagonjwa, kupatanisha waliogombana, na kumwita padre mtu alipokuwa kufani. Wakristu wakaweka pia sanduku la sadaka, kila mtu akitia kidogo alichonacho, kwa ajili ya walio maskini kuliko wao.

Wakajenga vikanisa vidogo huku na huku, kwa mikono yao wenyewe na kwa fedha yao haba. Tuliangalie jambo hili. Watu hao walikuwa wamejengea wengine majumba, viwanda vya sukari na bandari. Sasa kwa mara ya kwanza walijenga kitu ambacho hakuna mtu aliyewaamuru kukijenga, na ambacho kilikuwa chao.

Mwaka 1854 kipindupindu kikaingia kisiwani, kikaua watu kwa maelfu. Hapo padre akawa tena tabibu, na walimu wake wakaingia nyumba zilizokimbiwa, wakawaosha wagonjwa, wakawapa maji, wakawazika wafu. Waliokuwa wakisema kwamba dini ya watu weusi ni maneno tu wakaona kwa macho.

Wakati huo mapadre wengine wa shirika lake walikuwa wamekwisha kuja kumsaidia, nao walikuta mitaa iliyopangwa na walimu wanaojua wajibu wao. Kwa hiyo padre alipoanza kudhoofika, kazi haikudhoofika.

MWISHO WAKE

Tangu mwaka 1856 ugonjwa wa kupooza ulimpiga mara kwa mara. Akashindwa kwenda vijijini, kisha akashindwa kuhubiri. Katika miaka ya mwisho alikaa kanisani akisali na kuwasikiliza waliokuja kwake. Twadhani huo ulikuwa msalaba mkubwa kwa mtu aliyezoea kutopumzika. Akafa tarehe 9 Septemba 1864, siku ambayo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Petro Claver, aliyewahudumia watumwa huko Cartagena, Marekani ya Kusini.

Maziko yake yalikusanya watu maelfu, weusi na weupe, wenye mali na wasio na kitu. Mji uliokuwa umemcheka miaka ishirini na zaidi iliyotangulia ulimfuata kwa miguu mpaka Sainte-Croix, nje kidogo ya Port Louis, alikozikwa. Tangu siku hiyo kaburi lake halikukosa watu. Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 9 Septemba, mahujaji huenda huko kwa miguu kutoka pande zote za kisiwa. Wala si Wakatoliki peke yao: Wahindu huenda, Waislamu huenda, Wachina huenda, kila mmoja na shida yake. Tarehe 29 Aprili 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Na tarehe 9 Septemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa huko Port Louis katika sikukuu yake.

KAZI ILIYOBAKI

Si heshima kumsifu mtu kwa mambo asiyoyafanya. Padre Laval hakuzibadili sheria za kisiwa, wala hakuwapatia mashamba wale walioachwa huru. Tena Wahindi, ambao mwaka 1861 walikuwa karibu thuluthi mbili ya wakaaji wote, hawakuwa kazi yake kubwa. Lugha zao hakuzijua, na nguvu zake zilikwisha tumiwa kwa watu aliokabidhiwa. Mauritius ilipata uhuru tarehe 12 Machi 1968, ikawa jamhuri mwaka 1992. Hata hivyo wajukuu wa watumwa wengi walibaki nyuma kwa ardhi, kwa elimu na kwa kazi. Mwaka 2009 serikali iliunda Tume ya Ukweli na Haki ichunguze madhara yaliyoachwa na utumwa na kazi ya mkataba, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 2011. Kidonda cha miaka mia mbili hakiponi kwa mahubiri ya mtu mmoja, hata akiwa mtakatifu.

Lakini lile swali tulilolitaja mwanzoni, yeye alilijibu. Watu waliodhulumiwa na Wakristu wangewezaje kuamini? Hakulijibu kwa hoja. Alilijibu kwa mahali alipokaa, kwa lugha aliyoisema, kwa saa alizozitoa, na kwa kuwakabidhi kazi yake wale ambao wengine waliwaona hawafai kitu. Walipomwona Mkristu asiyetaka kitu chao, wakaanza kumtazama Kristu wake bila kumwona nyuma yake yule bwana wa shamba.

Basi, walimu wenzetu, jubilei si siku ya ngoma na pilau tu. Ni siku ya kuhesabu. Tujiulize ni nani anayesimama nyuma katika kanisa letu, na kwa nini anasimama. Je, mafundisho yetu yako saa ambayo mtu wa kazi anaweza kuja, au saa inayotufaa sisi? Lugha ya mgeni wa kijijini kwetu tunaisikiliza, au tunaicheka? Na katika parokia zetu, wako wanyonge tuliowakabidhi kazi, au tumewakabidhi maagizo tu? Mwenye kuyatengeneza hayo, hata katika kigango kimoja, ndiye atakayekuwa ameiadhimisha jubilei hii kweli.

Mwenye Heri Jacques-Désiré Laval, utuombee.